Saa, mfuatano au orodha: njia tatu za kupanga siku ya mtoto mdogo anayesomea nyumbani

Saa tatu kasorobo asubuhi. Kipindi cha hesabu kinaanza saa tatu kamili. Mtoto yuko chini ya meza anatafuta kifutio, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna, na kishikwambi kimebakiwa na chaji asilimia 9. Umeshasema "njoo ukae" mara sita. Ya saba sauti imepanda yenyewe. Mtoto analia, kipindi kinaanza, mwalimu anasalimia darasa, na anayeitikia ni wewe.

Asubuhi za namna hiyo si lazima ziwe zimekosa ratiba. Mimi nilikuwa nayo. Niliichora kwa kalamu za rangi, nusu saa kwa nusu saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, nikaibandika ukutani na kurudi nyuma hatua mbili kuitazama. Ilidumu siku tatu. Siku ya nne niligundua kwamba anayeisoma ni mimi peke yangu, tena kwa sauti, kama mtangazaji wa stesheni: "Sasa ni kusoma! Sasa ni mapumziko! Mapumziko yamekwisha!" Karatasi ilikuwa imetulia ukutani inanitazama, na siku nilikuwa naisukuma mimi, kama gari lililokwisha mafuta.

Tangu hapo mzazi akiniuliza ratiba ipi ni nzuri, namrudishia swali: ni kitu gani kitakachomtoa mtoto kwenye jambo hili na kumpeleka kwenye lile? Inaweza kuwa saa. Linaweza kuwa jambo lililotangulia, yaani akimaliza hili anajua linalofuata ni lile. Anaweza kuwa mtoto mwenyewe, akiwa na orodha ya kazi zake. Hizo ndizo njia tatu ninazozilinganisha hapa, kwa watoto wa miaka 4 hadi 9 hivi. Njia ya nne, sauti ya mzazi kutwa nzima, hiyo hatuhitaji kufundishwa.

Pima haya kwanza

Anajua saa? Usiangalie miaka tu. Watoto wengi huanza kuisoma saa ya mishale kati ya miaka 6 na 8, na kabla ya hapo "bado dakika kumi" ni sauti tu inayopita. Sisi wa Kiswahili tuna fundo la ziada: mtoto anasikia "saa mbili" kutoka kinywani mwako huku kona ya skrini inamwandikia 8:00. Aliyeanza kujua namba atakubishia, na ana haki. Kama utategemea saa, tundika ya mishale ukutani na umwonyeshe ujanja huu: mshale mfupi ukiwa kwenye 8, namba inayoukabili upande wa pili ni 2, na hiyo ndiyo saa tunayoitamka. Wangu aliugeuza kuwa mchezo wa wiki nzima. Hata hivyo, mpaka ujanja huo uingie, ratiba ya saa ni yako, si yake.

Una muda gani? Kuwapo nyumbani peke yake hakutoshi kuwa jibu. Hesabu dakika unazoweza kukaa karibu naye bila simu ya kazi, mtoto mchanga au chungu jikoni kukuita. Ziandike kwa siku mbili. Watu wengi hudhani wana saa tatu, kumbe wana vipande sita vya dakika ishirini, na vipande sita vinapangwa tofauti kabisa na saa tatu.

Shule inatuma nini? Kuna shule zenye vipindi vya mubashara kila asubuhi, na ukichelewa umechelewa. Nyingine hutuma video zilizorekodiwa na karatasi za kazi, ufanye utakapoweza mradi zirudi jioni. Tofauti hii huamua mambo mengi kuliko tabia ya mtoto.

Siku ikiharibika? Umeme umekatika, intaneti imegoma, mdogo wake ameamka na homa. Siku nzuri hubebwa na mpango wowote. Chagua kwa kuangalia siku mbaya.

Kuna mambo matatu sitayaweka kwenye mizani kwa sababu yapo katika njia zote tatu: usingizi, skrini na kuuchezesha mwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa 1. Na apate angalau dakika 180 za kuuchezesha mwili, 60 kati yake ziwe za kukimbia na kurukaruka hasa. Kwa wa miaka 6 hadi 12, wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Hesabu hiyo uifanye kurudi nyuma. Kama mtoto anahitaji saa 11 na anatakiwa kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi awe amelala saa moja na nusu usiku. Awe amelala, si awe anaanza kutafuta nguo za kulalia. Na kama una wa miaka 4 mwenye vipindi viwili vya nusu saa kila kimoja, skrini yake ya siku imekwisha kabla katuni haijafunguliwa.

Njia ya kwanza: ratiba ya saa

Ilivyo. Kila jambo na saa yake, sawa na shuleni. Wala si jambo geni kwa watoto waliobaki majumbani. Septemba 1937, shule za Chicago, Marekani, zilipochelewa kufunguliwa kwa sababu ya mlipuko wa polio, masomo yalirushwa redioni, na magazeti yakachapa ratiba ili watoto wa darasa la tatu hadi la nane wajue wafungue redio saa ngapi. Kila somo lilikuwa la dakika 15. Watoto wakubwa kuliko hawa wetu, tena wakiongozwa na redio isiyomngoja mtu, na bado somo lao lilikuwa nusu ya kipande kimoja cha ile ratiba yangu ya rangi.

Mzigo wa mzazi. Mwepesi kama mtoto anajua saa, mzito kupita kiasi kama hajui, maana kengele unakuwa wewe. Kengele za simu husaidia zikiwa chache. Mbili au tatu kwa siku, kila moja na mlio wake, mtoto atazijua kama anavyoujua mlio wa lango. Zikifika kumi atazizoea, atakuwa anazizima bila hata kugeuza shingo. Iliyofanya kazi kwetu kuliko zote ni kengele ya kujiandaa, dakika kumi kabla ya kipindi. Ikilia anajua ana vitu vitatu vya kufanya: aende chooni, ajaze maji kwenye chupa, achomeke chaja. Ya saa ya kuanza yenyewe tuliifuta, haikuwa na kazi tena.

Mtoto anavyoipokea. Kuna mtoto anayeuliza "halafu?" kutwa nzima, anayetaka kujua kila kitu kabla hakijafika. Huyo saa humtuliza. Kuna mwingine anayezama. Ukimkata katikati ya mchoro kwa sababu mshale umefika namba fulani, utamaliza dakika ishirini kumbembeleza, na somo lililofuata limeliwa. Saa haijali kama mtu amemaliza. Kwa wengine hilo ni jema: hesabu ngumu inajulikana itakwisha lini, hata kama haijakamilika.

Siku ikiharibika. Hapa ndipo inapodhoofika. Intaneti ikipotea saa moja, kila kilicho chini yake kinasogea, na mzazi anaanza kubana: mapumziko yanafutwa, kusoma kunakatwa, chakula kinamezwa. Ukichagua njia hii, jiwekee sharti moja tangu mwanzo: kilichopita kimepita. Umeme ukirudi saa tano, ingia kwenye kinachofanyika saa tano. Usiifukuze ratiba.

Inamfaa nani. Mtoto anayejua saa au anayekaribia, mwenye vipindi vya mubashara zaidi ya viwili kwa siku. Nyumba ambayo mtu mzima naye anaishi kwa saa, ana mikutano yake na zamu zake. Na watoto wawili wanaogombea kifaa kimoja. Kwa mtoto wa miaka 4, sioni faida yake zaidi ya kukuchosha.

Njia ya pili: mfuatano

Ilivyo. Hapa hakuna saa, kuna zamu ya mambo tu. Akiamka ni choo, mswaki, nguo. Akivaa ni chakula. Akila ni kitabu. Kila jambo linaliita lenzake, kama mtu anavyovua viatu mlangoni bila kuambiwa na yeyote.

Kwa mtoto asiyesoma bado, mfuatano huwekwa kwa picha. Sisi tulitumia uzi uliofungwa kati ya misumari miwili, usawa wa kifua chake, na kadi tano zilizoning'inizwa kwa vibanio vya nguo. Kadi alizichora mwenyewe. Ya kusoma ilikuwa kitabu chenye miguu. Ya hesabu ilikuwa uso ulionuna, nami nikaiacha hivyo hivyo. Akimaliza jambo, anakibana kibanio, anaitoa kadi na kuitumbukiza kwenye kopo tupu chini yake. Lile kopo ndilo lililofanya kazi. Kadi ngumu ikianguka ndani ya bati inatoa mlio, na ule mlio ulimtosha kuwa zawadi kwa miezi. Siku nilipolibadilisha kwa kikapu kizuri cha kufuma, mchezo ulipoa ndani ya siku mbili. Kopo likarudi.

Mpango wa picha wa aina hii una historia ndefu kwa watoto wenye usonji. Mradi wa TEACCH wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, unaowahudumia wenye usonji na ulioanza kuhudumia jimbo zima mwaka 1972, umeufanya kuwa moja ya nguzo zake, kwa sababu picha inabaki pale pale, ilhali neno likishasemwa limepotea. Ukweli huo haubagui: mtoto yeyote wa miaka 5 aliyeambiwa mambo matatu kwa mpigo atakumbuka la mwisho, kama ni bahati.

Nguvu ya mfuatano iko kwenye "kwanza, halafu". Mwanasaikolojia David Premack alilieleza mwaka 1959: jambo ambalo kiumbe hulifanya kwa hiari linaweza kulivuta lile asilolipenda, ukiliweka nyuma yake. Bibi zetu hawakusubiri mwaka 1959. Ila angalia unavyolitamka. "Kwanza kusoma, halafu nje" inamwonyesha njia. "Usiposoma hutoki" inamwitia ugomvi, ingawa maana ni karibu ile ile. Na usiiweke skrini ya burudani kuwa "halafu" ya katikati ya siku, kwa sababu baada yake kutakuwa na kadi nyingine, na hiyo hakuna atakayeigusa. Skrini ya kujifurahisha iwe kadi ya mwisho, au isiwepo.

Mzigo wa mzazi. Unahitajika kwenye viungo, pale jambo moja linapoisha na lingine kuanza. Dakika tatu, tano. Katikati unaweza kuondoka. Kwa mwenye vipande vya muda badala ya saa nzima, hii ni nafuu kubwa, mradi ukubali kwamba kiungo kisicho na mtu huvunjika: mtoto atamaliza, angoje, asione mtu, aende zake.

Mtoto anavyoipokea. Wa miaka 4 hadi 6 huipokea kuliko zote. Udhaifu wake ni kwamba haina mwisho wa muda. Mtoto anaweza kunywa uji saa nzima, na kwa sheria za mfuatano hajakosea lolote. Saa ya mchanga inasaidia, au wimbo mmoja anaoujua mwanzo na mwisho. Tatizo kubwa zaidi ni kipindi cha mubashara, kwa kuwa mfuatano haujui kwamba mwalimu anaanza saa tatu. Dawa yake ni kupima. Kwa asubuhi tatu, andika ni dakika ngapi hasa zinapita kutoka anapofumbua macho hadi anapokaa mezani. Si unazodhani, zile hasa. Kwetu nilidhani 40, zilikuwa 75. Ongeza robo saa ya dharura, kisha rudisha saa ya kuamka nyuma kwa hesabu hiyo.

Siku ikiharibika. Hakuna inayoishinda. Intaneti imegoma? Kadi ya video inageuzwa nyuma, tunaenda inayofuata. Mmeamka saa tatu badala ya saa kumi na mbili? Mnaanza na kadi ya kwanza. Hakuna kuchelewa kwa sababu hakuna saa.

Inamfaa nani. Asiyesoma saa. Mtoto anayepata taabu na mabadiliko. Nyumba zenye siku zisizofanana. Shule zinazotuma video na karatasi. Na pale msimamizi wa mchana ni bibi, shangazi au dada ambaye hakuhudhuria kikao chako cha mipango: kadi zinajieleza zenyewe, na mara nyingi mtoto ndiye atakayemfundisha msimamizi.

Njia ya tatu: orodha ya kazi

Ilivyo. Kazi tatu hadi tano zimeandikwa, zote za lazima. Ianze ipi, ifuate ipi, anaamua mtoto, ndani ya kipande kirefu cha siku, tuseme kuanzia baada ya chakula cha asubuhi hadi mchana.

Wazo la kumwachia mtoto mdogo achague kazi linawatia wengi wasiwasi. Maria Montessori alilijaribu Roma kuanzia Januari 1907, na watoto wadogo hasa: mtoto anachukua kazi rafuni, anaifanya mpaka atosheke, anairudisha, anachukua nyingine, ndani ya kipindi kirefu kisichokatizwa. Kinachosahaulika na wanaomnukuu ni ile rafu. Kila kitu kilichokuwa pale kiliwekwa na mtu mzima kwa makusudi, kikiwa kamili, kikiwa kinafikika. Uhuru ulikuwa mkubwa, na ulikuwa na uzio.

Nyumbani, rafu yako inaweza kuwa boksi la viatu. Karatasi ya leo, kitabu chenye alama kwenye ukurasa, penseli mbili zilizochongwa, video iliyokwisha kupakuliwa. Hiyo ya mwisho ni muhimu. Mtoto akilazimika kuja kukuuliza neno la siri la akaunti ya shule, uchaguzi umeishia hapo, na akirudi atakuwa amekumbuka kuwa ana njaa.

Mzigo wa mzazi. Umehamia usiku. Dakika kumi na tano kupanga boksi la kesho, wakati macho yanafumba. Mchana uko huru kuliko katika njia nyingine zote, isipokuwa mwisho: ukaguzi. Na ukaguzi usiurukie. "Nimemaliza" ya mtoto wa miaka 7 ina maana nyingi. Inaweza kuwa amemaliza, au amefika chini ya ukurasa kwa mwandiko wa kuku aliyefukuzwa, au ameamua kwamba kazi hiyo na yeye wamemalizana. Kaa naye dakika kumi, afungue daftari mwenyewe, akuonyeshe. Usipokagua wiki moja, orodha inakuwa pambo la ukutani kama ile ratiba yangu.

Mtoto anavyoipokea. Anayechukia kuamrishwa hubadilika. Nimeona mtoto aliyekuwa anavuta miguu kila siku akianza na hesabu kwa hiari, kwa sababu tu aliamua yeye. Lakini wapo wanaobeba ile kazi ngumu kutoka asubuhi hadi saa tisa kama mzigo wa mtu mwingine, na inapofika zamu yake hawana nguvu tena. Usimnyang'anye uchaguzi wote kwa sababu hiyo. Weka nyota kwenye kazi moja: hii iwe imekwisha kabla ya mapumziko, nyingine jipangie. Mtoto wa miaka 5 naye anaweza kuchagua, ila kati ya mbili. Ukimpa tano, atachagua ya sita.

Siku ikiharibika. Iko katikati. Ukiwa umezitenga kazi za intaneti na zile za karatasi, kukatika kwa mtandao kunabadilisha zamu tu. Ukiwa hujazitenga, boksi zima linakwama. Homa inaimudu vizuri: kazi tano zinakuwa moja, na moja hiyo ikifanyika siku imehesabika.

Inamfaa nani. Wanaosoma wenyewe, mara nyingi kuanzia miaka 7. Wazazi walio kazini hapo hapo nyumbani na hawawezi kuinuka kila baada ya dakika ishirini. Watoto wabishi kwa maana nzuri ya neno. Haimfai anayeshindwa kuanza, yule anayeitazama karatasi nusu saa bila kuigusa. Huyo hana tatizo la uhuru, anahitaji mtu wa kuandika naye mstari wa kwanza.

Kuzichanganya

Nyumba nyingi nilizoziona zikitulia hazikutumia njia moja tupu. Mfano mzuri uko mbali na wa zamani: Alice Springs, katikati ya Australia, ilifungua mwaka 1951 shule ya hewani kwa watoto wa mashamba ya mbali, mwalimu akifundisha kwa redio za mawasiliano zilizokuwa zikitumiwa na madaktari wa ndege. Muda wa hewani ulikuwa mfupi. Sehemu kubwa ya siku mtoto alikuwa na karatasi zake na mtu mzima wa nyumbani. Yaani saa ilishika sehemu ndogo tu, ile isiyoweza kuhamishwa.

Ndivyo ninavyoshauri. Vipindi vya mubashara, chakula cha mchana na kulala viwe misumari ya saa. Kati ya msumari na msumari pitisha mfuatano au orodha, kadiri ya mtoto. Kinachoharibu mchanganyiko ni pupa: kadi, kengele, boksi na chati ya nyota, vyote vimeanza Jumatatu moja. Kufika Alhamisi hakuna anayejua kipi kinafanya nini.

Kwa hali yako

Una mtoto wa miaka 4 au 5 na shule inatuma video. Mfuatano, kadi tano zisizidi. Video iwekwe mapema, kabla hajachoka, na mchezo wa nje uifuate mara moja. Saa isahau kabisa, isipokuwa ya kulala.

Una wa miaka 6 na kipindi cha mubashara kila asubuhi. Msumari mmoja wa saa, ambao ni kipindi chenyewe, pamoja na kengele ya kujiandaa. Kabla yake mfuatano wa kadi, baada yake mfuatano mwingine mfupi. Huu ni umri wa kuanza mchezo wa saa ya ukutani bila kumtegemea.

Una wawili na kifaa ni kimoja. Ratiba ya saa, lakini ya kifaa, si ya watoto. Andika karibu na chaja nani anakishika kuanzia saa ngapi. Wasio na kifaa wakati huo wanaendelea kwa njia yao, mkubwa na orodha, mdogo na kadi. Vipindi vya mubashara vikigongana, mwandikie mwalimu mapema umwombe rekodi ya kimoja. Ni heri kuliko kuwashikanisha ndugu mashati kila Jumanne.

Unafanya kazi nyumbani na simu haziishi. Mwenye miaka 7 na kuendelea, orodha na boksi. Chini ya hapo, mfuatano, na viungo vyake uvipange kwenye nafasi kati ya mikutano yako. Mwambie ni lini hasa utakuja: "nikitoka na kikombe mkononi ujue ni zamu yako." Alama anayoiona ni bora kuliko "baadaye kidogo".

Mtoto ana usonji, au badiliko dogo linamvuruga. Mfuatano wa picha, na ndani yake kadi moja ya pekee, tuseme alama ya umeme, yenye maana ya "leo kuna kitu tofauti". Itumie kwanza kwa mabadiliko mazuri, ili isiwe kadi ya habari mbaya. Kama kuna mtaalamu anayemhudumia, tumieni picha zile zile.

Umeshajaribu mambo mawili, yote yameanguka. Huenda hayakuanguka, uliyaondoa mapema. Katika utafiti wa University College London uliochapishwa mtandaoni mwaka 2009, walishiriki watu wazima 96, na wale ambao mwenendo wao ulipimika vizuri walichukua kwa kawaida kama siku 66 kufanya jambo moja dogo kuwa mazoea, mmoja mapema kama siku 18 na hesabu ya aliyechelewa kuliko wote ikafika 254. Hao ni watu wazima, na jambo lilikuwa kama glasi ya maji baada ya chakula. Wewe unamtaka mtoto mambo tisa kwa wiki moja. Punguza. Chukua asubuhi tu, kuanzia kuamka hadi kipindi cha kwanza, na ndani ya asubuhi tafuta mahali pamoja panapokwamisha kila siku. Pengine ni soksi. Pengine ni chaja. Kwetu, baada ya mipango yote ile, palikuwa ni kifutio. Nikakitoboa kwa sindano, nikakifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza, na tangu siku hiyo anaketi juu ya kiti.